Shingo inauma inapanda mpaka jicho: vidonge, kuchuliwa au fizio?

mshonaji_tandika:
Habari zenu wakuu. Mi fundi cherehani, sare za shule zimenijaa nakaa kwenye mashine toka saa mbili asubuhi mpaka usiku, sasa shingo upande wa kulia imekaza, maumivu yanaanzia chini ya kisogo yanapanda yanakuja kutulia nyuma ya jicho, mteja akiniita nageuka na mabega yote. Macho nimepima yako sawa, malaria hakuna. Nimeze diklofenaki ya maumivu, nikachuliwe au nitafute fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo? Hela ya vyote vitatu sina.

BabaNasra:
Pole dada. Mi dereva wa lori, nilianza na vidonge. Mwanzoni unaona umepona, ila nilifika mahali nameza karibu kila siku na kichwa ndo kikazidi, daktari akaniambia dawa zenyewe ndo zinakirudisha, eti ukimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, ikapita miezi mitatu, hata panado inakuletea kichwa. Na kama una vidonda vya tumbo, figo au presha, diklofenaki usiiguse kabla ya kuuliza.

mama_wawili_tanga:
Mi nasimama na kuchuliwa. Kwanza kitambaa cha maji moto robo saa, halafu akukande mtu anayejua, mabega na kisogo, usiku huo unalala kweli. Ila niseme ukweli, siku mbili tatu inarudi. Na wale vinyozi wanaokupinda shingo mpaka ilie ko! kataa.

BabaNasra:
Mbona mi kinyozi wangu ananifanyiaga kila nikinyoa na napata nafuu?

fizio_moro:
Mkuu acha kabisa. Kwenye mifupa ya shingo kunapita mishipa ya damu inayoenda kwenye ubongo, ikichanika unaweza kupata kiharusi. Ni nadra, lakini nakuomba usijaribu tena.

Dada mshonaji, kichwa kina kama kilo 5 na ukiinama misuli ya shingo inabeba mzigo zaidi. Neva (mishipa ya fahamu) za pingili tatu za juu za shingo zinakutana na neva ya uso, ndo maana ubovu uko shingoni we unausikia jichoni. Kama hela ni ya kimoja, nenda fizio hata mara mbili ujifunze mazoezi, mengine utafanya nyumbani bure. Mfano kaa wima, rudisha kidevu nyuma bila kuinama mpaka kitokee kidevu cha pili, hesabu tano, achia, mara kumi, asubuhi mchana na jioni. Kuchuliwa sikatai, kunakupa nafuu ya kufanya mazoezi. Ila ukiona ganzi au mkono kukosa nguvu, homa na shingo kukakamaa, kichwa cha ghafla kikali hujawahi kukipata, au yameanza baada ya kuanguka, hospitali siku hiyo hiyo.

mshonaji_tandika:
Narudi wakuu, leo wiki ya tano. Fizio nimeenda mara mbili, mashine nimeiwekea mbao chini imepanda siinami sana, kila nusu saa nasimama, vidonge nimemeza siku nne tu mwezi mzima. Shingo bado inakaza nikishona mapazia, ila jana nimetunga uzi kwenye sindano bila kulishika jicho. Mama wawili, mafuta ya kuchulia we unatumia ya nazi au nyonyo?