Naweza kuweka kadi ya grafiki kwenye OptiPlex nyembamba?

Wakuu habari za jioni, niko Mbeya hapa. Nina Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba (SFF), ya mtumba, nilichukua Mwanjelwa, i5 ramu GB 8, kazi za ofisi inapiga fresh ila nikifungua gemu la mpira inajikongoja kama fuso la viazi linapanda Kitonga. Kuna jamaa ananiuzia kadi ya grafiki GTX 1060, itakaa kweli?

— Usitoe hela mkuu. 1060 inakula wati 120 na inataka waya wake wa pini 6, hiyo SFF pawasaplai yake (kile kisanduku cha kugawa umeme ndani) ni wati 240 tu na huo waya haina, halafu kadi yenyewe ni kubwa, hata kava halitafunga. Tafuta 1050 Ti au 1650 zile fupi za lo profaili, wati 75, umeme zinavuta kwenye sloti yenyewe, pale kadi inapochomekwa. Ila angalia isiwe na tundu la waya wa ziada maana 1650 nyingine zinalo, na udai kile kibati kifupi cha nyuma cha kushikiza kadi kwenye kasha, mi niliuziwa bila nikaishia kukata kirefu kwa msumeno kwa fundi wa mageti, aibu tupu

— Na ukishafunga waya wa skrini chomeka kwenye kadi, sio kwenye lile tundu la kompyuta ulilozoea. Mi nilikaa nusu saa naangalia giza nikijua nimeiua

— Duh, nilishatoa adivansi elfu 20. Ngoja nimuwahi kabla hajafunga duka