Jina la Port Reitz: litolewe ama libaki? Mimi nasema libaki

Wadau wa Mombasa hebu tuongee hii kitu bila matusi. Kila stori ya majina ya wakoloni ikianza, Port Reitz, mtaa wa hapa Mombasa, ndo ya kwanza kutajwa, ati litolewe tuweke shujaa wetu, mkoloni alitunyang'anya bandari na bado tunamuenzi. Mimi nasema libaki, na si kwa kumpenda mzungu.

Wengi wanadhani huyo Reitz alikuja na reli, ama alikua disii fulani. Wapi! Alikua luteni wa Leven, meli ya kivita ya Uingereza, kijana tu, kapteni wake Owen akamuacha hapa 1824, reli bado miaka sabini na kitu, na hata mwaka hakumaliza homa ikamuua. Sa aliachwa afanye nini? Aisimamie Mombasa iliyowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Na huo ulinzi nani aliuomba, si sisi wenyewe! Ukoo wa Wamazrui ndo walokua wakitawala mji kutoka Fort Jesus, Seyyid Said wa Omani kawabana anautaka, wakaona afadhali wajikinge na bendera ya Mwingereza, manake Owen anafika anaikuta ishapandishwa. Akawapa masharti, waache biashara ya watumwa na ushuru wa forodha wagawane nusu kwa nusu, wakakubali. Serikali ya London ndo ikakataa huo mpango, 1826 Waingereza wakafunganya wakaenda zao, na 1837 Said akauchukua mji.

Hio stori ukishafuta jina utaiweka wapi? Shuleni tulisomeshwa 1895 Uingereza ikatangaza himaya basi, kama vile watu wa huku walikua wamekaa tu kimya wanangoja kutawaliwa. Kumbe walikua na siasa zao, wanapiga hesabu zao, zingine zikawageukia. Na mwaka huohuo wa 1895 ni Mmazrui vilevile, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliwashikia Waingereza bunduki mpaka 1896 akakimbilia kwa Wajerumani Tanganyika. Ukoo ni mmoja. Hapo ndo pana utamu, na ndo pale hatutaki kupaongea kwa sababu hapana shujaa msafi.

Halafu kubadilisha majina tushaona. Kilindini Road lilikua jina la hapahapa, likageuzwa Moi Avenue. Salim Road ikawa Digo Road, hio sawa sina neno. Lakini nani atanihakikishia tukimtoa Reitz hatutabandikwa mheshimiwa wa msimu?

Najua kuna atakaeniambia mtoto anakua Port Reitz hajui hata jina moja la mzee wa pwani aliekuwepo wakati huo. Hapo sibishi, ni aibu. Ila dawa ni kibao pale stejini kinachoeleza yote, tena kwa Kiswahili, na mambo ya Wamazrui kuomba bendera yawemo, yasifichwe. Hata Leven House kule Mji wa Kale, watu wanapita kila siku wakienda kwa samaki, waulize Leven ni nini uone.

Haya, nyinyi mnaotaka litolewe, semeni mnaweka jina la nani. Na atakaechagua ni nani, wakaazi wa Port Reitz wenyewe ama kaunti?