Apatimenti Dar: ninunue sasa au nisubiri bei ishuke?

Mkazi_Kinondoni
Wakuu habari za leo. Natafuta apatimenti ya vyumba viwili, niishi miaka michache kisha nipangishe. Ziko mbili mezani. Ya kwanza ipo Upanga, jengo la zamani kidogo, mwenyewe anataka milioni 220. Pango kwenye jengo hilo ni kama milioni 1.4 kwa mwezi na ada ya huduma za jengo ni 150,000. Ya pili ipo Msasani, bado inajengwa, dalali anataja dola 100,000 kwa awamu za miezi 24. Nitahitaji mkopo wa milioni 150. Naona Masaki mabango ya "inauzwa" yanakaa muda mrefu. Bei zinashuka? Na nichunguze nini kabla ya kutoa hela?

Mpimaji_bei
Mkuu, Dar haina soko moja la apatimenti. Masaki na Oysterbay walijenga vyumba vitatu vikubwa kwa ajili ya wageni wa kampuni, balozi na mashirika. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, sehemu ya wapangaji wa aina hiyo ilipungua huku majengo mapya yakiendelea kuinuka. Ndiyo maana mabango yanakaa. Ila muuzaji wa huko ni nadra kushusha bei anayoitangaza: atakuongezea AC, makabati ya jiko, nafasi ya pili ya gari au awamu ndefu zaidi. Hapo ndipo punguzo lilipojificha, kwa hiyo usiisome bei ya tangazo peke yake. Uliza imekaa sokoni miezi mingapi, kisha toa ofa yako.

Upanga ni habari nyingine. Ipo karibu na Posta, Kariakoo na Muhimbili, wanunuzi wengi wana fedha taslimu, na vyumba viwili havikai. Usisubiri anguko la bei pale.

Hesabu ya pango kwa namba zako: milioni 16.8 kwa mwaka, yaani 7.6% ya bei. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu, inabaki 15.4. Toa kodi ya pango 10%, inabaki 13.86. Toa ada ya huduma milioni 1.8 na matengenezo kama 800,000. Mkononi inabaki milioni 11.26, sawa na 5.1%. Hatifungani za Serikali (unaikopesha Serikali, inakulipa riba) za miaka 20 na 25 zimekuwa zikilipa zaidi ya 12%, na riba yake haikatwi kodi. Kama ni ya kuishi, nunua. Kama ni ya kupangisha tu, 220 ni ghali. Ningeanza na 190.

Mkopo nao: milioni 150 kwa riba ya 15% ni kama milioni 2.1 kwa mwezi ukilipa miaka 15. Ukivuta hadi miaka 20 inashuka hadi milioni 1.975 tu, lakini jumla ya malipo inapanda kutoka milioni 378 hadi 474. Usikubali muda mrefu kwa sababu ya nafuu ya 125,000 kwa mwezi. Na pango halitafikia rejesho, hilo ujipange nalo mapema.

Wakili_wa_Ardhi
Nianze na dola. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza na kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni. Wauzaji wengine wanazunguka: mkataba unaandikwa shilingi "sawa na dola 100,000 kwa rate ya siku ya malipo". Kataa kifungu hicho. Desemba 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 2,400, Aprili 2025 ikawa karibu 2,700. Nyumba ileile imepanda milioni 30 ndani ya miezi minne bila tofali kuongezwa. Kwa awamu za miezi 24 hatari yote inakuwa yako. Bei iwe shilingi, kiasi kimoja, mwanzo hadi mwisho.

Kwa Upanga, uliza swali moja kabla ya mengine yote: hati ya sehemu ya jengo ipo, au kuna hati mama tu, yaani hati moja ya kiwanja na jengo zima? Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila apatimenti iwe na hati yake pamoja na mgawo wake kwenye ngazi, lifti, paa na maegesho. Kama ipo hati mama peke yake, benki haitakubali kuishika rehani, na mkopo wako umeishia hapo.

Hati ikiwepo, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Angalia jina, rehani, zuio, na miaka iliyobaki. Hati ya miaka 33 iliyotolewa zamani inaweza kuwa imebaki na michache, na benki inatazama hilo. Muuzaji akiwa na ndoa, ridhaa ya mwenza iandikwe na isainiwe.

Mkazi_Kinondoni
Asante sana wakuu. Hati ya sehemu ipo. Ila muuzaji anaomba mkataba uandikwe milioni 140 ili kodi ipungue. Ni kawaida?

Wakili_wa_Ardhi
Inafanyika, na anayeumia ni wewe. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, 10% ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa 3% ya bei ya kuuzia. Ukikubali 140 leo, halafu ukauza kwa 250, karatasi zitaonyesha faida ya 110 na kodi yako itakuwa milioni 11 badala ya 3. Mauzo yakivunjika, mahakamani utadai 140 zilizoandikwa. Zile 80 hazina ushahidi. Isitoshe, uthamini wa Serikali unaweza kuikataa bei hiyo, na kutoa bei ya uongo kwa TRA ni kosa. Andikeni 220.

Fundi_Majengo
Kuhusu ile ya Msasani: awamu zifuate hatua za ujenzi, si tarehe. Msingi, kila zege la sakafu, kupaua, umaliziaji, na 10% ibaki hadi hati ya sehemu itoke. Hata miradi mikubwa kama Morocco Square na Kawe 711 ilisimama miaka kadhaa, kwa hiyo weka kifungu cha kurudishiwa fedha. Nenda eneo la ujenzi usome bango: mkandarasi awe amesajiliwa CRB (bodi ya makandarasi) na mhandisi ERB (bodi ya wahandisi). Tangu lile ghorofa la Kariakoo liporomoke 16 Novemba 2024, hili si la kupuuza.

Upanga, nenda baada ya mvua. Tazama dari ya ghorofa ya juu kabisa, na kwenye balkoni gusa chini ya ukingo wa zege: likibabuka na kuonyesha nondo yenye kutu, chumvi ya bahari imeshaingia, na ukarabati wake utagawanywa kwa wamiliki wote. Uliza jenereta inalisha apatimenti au lifti na taa za ngazi tu. Maji ya DAWASA yakikatika, tangi linahimili siku ngapi?

Halafu omba umoja wa wamiliki wakupe barua inayoonyesha deni la ada ya apatimenti hiyo na salio la mfuko wa matengenezo. Deni likiwepo, likatwe kwenye bei kabla hujalipa. Mfuko ukiwa mtupu na lifti ni ya zamani, shusha ofa.