Mtoto wa miezi mitatu anakataa chupa, na likizo ya uzazi inakaribia kwisha

Mama wa Kimara ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Binti yangu, ambaye ndiye mtoto wangu wa kwanza, anakaribia kutimiza miezi mitatu, na tangu azaliwe hajaonja kitu kingine chochote isipokuwa maziwa yangu. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 iko ukingoni. Baada ya hapo nitakuwa naondoka nyumbani alfajiri ili niwahi mwendokasi wa kwenda Posta, na sitakuwa narudi kabla ya magharibi. Mtoto atabaki na mama mkwe wangu pamoja na dada anayetusaidia kazi za nyumbani.

Kukamua kwa mkono nimekwisha kujifunza, na maziwa yanapatikana ya kutosha. Tatizo ni kwamba chupa haitaki kabisa. Nikimpakata na kumpa, huigusa chuchu ile ya mpira kwa ulimi, akaisukuma nje, akageuzia uso kifuani kwangu na kuanza kulia, na kilio hicho hakinyamazi mpaka nimnyonyeshe. Nimebadilisha chuchu, nimebadilisha na chupa yenyewe, lakini hali ni ileile. Mama mkwe, ambaye kwa kweli amenisaidia mno tangu nijifungue, anashauri tumwanzishie uji mwepesi, au niache kumnyonyesha mchana kuanzia sasa ili njaa imfundishe. Sitaki kumvunjia heshima, ila uji kabla ya miezi sita siuafiki, na kumshindisha mtoto na njaa moyo wangu unakataa. Nifanye nini katika muda huu mfupi uliobaki?

Muuguzi Mstaafu, Temeke amejibu:

Mwanangu, hongera kwa kulea. Katika maelezo yako nimeona kwamba majaribio yote umeyafanya wewe mwenyewe, tena ukiwa umempakata vilevile unavyompakata anaponyonya. Mtoto wa umri huo anaijua barabara harufu ya mama yake, na hana sababu ya kukubali mpira ilhali titi liko karibu na pua yake. Mwachie mtu mwingine kazi hiyo, nawe utoke nyumbani kabisa, uende hata dukani au kwa jirani, kwa sababu ukijificha chumbani sauti yako ataisikia. Anayefaa zaidi ni yule atakayeshinda naye, yaani bibi yake. Ukimkabidhi bibi jukumu hilo kwa heshima zote, nadhani hata mjadala wa uji utapoa, maana atakuwa na la kufanya mtoto anapolia.

Jambo la pili ni kwamba sioni sababu ya kung'ang'ania chupa. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake anaweza kunywa kwa kikombe tangu siku za mwanzo, na hata watoto njiti wodini hulishwa kwa kikombe kabla hawajapata nguvu ya kunyonya vizuri. Kikombe ni rahisi kukisafisha kwa sabuni na maji ya moto, wakati chupa na chuchu yake vina kona nyingi ambamo mabaki ya maziwa hujificha, na katika joto la Dar es Salaam mabaki hayo huzaa vijidudu upesi sana. Kama nyumbani mna finjani, vile vikombe vidogo vya kahawa, basi mmekwisha kupata chombo, kwa kuwa ukingo wake ni laini na ujazo wake ni mdogo.

Namna ya kumnywesha ndiyo inayohitaji utulivu, na ningependa bibi asomewe sehemu hii. Mtoto awe macho, akae wima au karibu na wima mapajani, mgongo na shingo vikiwa vimeegemezwa kwenye mkono wa anayemlisha. Afungwe khanga kwa ulegevu kuzunguka mikono ili asikipige kikombe, na kitambaa kiwekwe chini ya kidevu. Finjani ijazwe nusu tu. Ukingo wake uguse mdomo wa chini bila kuukandamiza, kisha uinamishwe mpaka maziwa yafike kwenye midomo, na hapo mkono utulie. Maziwa yasimiminwe mdomoni hata kidogo, kwa sababu yakimiminwa mtoto hupaliwa, na akishapaliwa ataogopa kila kikombe kitakachofuata. Mtoto mwenyewe atatoa ulimi, ataonja, kisha atafyonza kidogo kidogo. Akipumzika, kikombe kibaki palepale mdomoni bila kuinamishwa zaidi. Akifunga mdomo na kugeuka, ameshiba au amechoka, asilazimishwe. Mwanzoni mengi yatamwagikia kwenye kitambaa, kwa hiyo msipime kwa mlo mmoja, bali angalieni alichokunywa kwa siku nzima.

Wakati wa kujaribu ni pale anapoanza kuonyesha dalili za njaa, anapopeleka mkono mdomoni na kutafuta-tafuta, kabla kilio hakijapanda. Kwa sababu hiyo ushauri wa kumshindisha na njaa haufai: mtoto aliyekasirika hawezi kujifunza jambo geni, na wewe ukiruka kunyonyesha mchana bila kukamua, matiti yatajaa, yatauma, na baadaye maziwa yatapungua. Wapo watoto wanaokubali upesi zaidi wakiwa na usingizi kidogo, na wapo wanaokubali wakiwa wamefungwa khanga uliyoivaa wewe. Mwingine, kinyume chake, harufu hiyo humkumbusha titi na kumzidishia hasira, kwa hiyo bibi ajaribu yote mawili.

Kuhusu kiasi, mtoto wa umri wake kwa kawaida hunywa mililita 90 hadi 120 kwa mlo. Wekeni maziwa katika vyombo vidogo vidogo, kwa sababu yaliyokwisha kuguswa na mdomo wake hayarudishwi kwenye friji. Yakipita saa 2 tangu alipoanza kuyanywa, yamwagwe. Maziwa mapya yaliyokamuliwa yanaweza kukaa nje saa 4 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 kwenye friji inayopoza vizuri. Kuna kliniki zinazofundisha muda mrefu zaidi wa kukaa nje, hadi saa 8, lakini huo ni wa mahali penye ubaridi, na sebule zetu za mwezi wa Februari hazihesabiki kuwa hivyo. Umeme ukikatika, tumieni deli dogo lenye barafu. Ya kupasha moto, chombo chake kiwekwe katika bakuli la maji ya moto. Yasichemshwe wala kuwekwa kwenye maikrowevu, ambayo hupasha sehemu moja kupita kiasi na kuweza kumuunguza mtoto mdomo.

Uji usubiri miezi sita, kama ulivyosema. Uji mwepesi una maji mengi na lishe kidogo kuliko maziwa yako, hushika nafasi yake tumboni, na ukiandaliwa kwa maji au chombo kisicho safi humletea kuhara. Siku ya kliniki nenda na bibi, ayasikie hayo kwa mhudumu. Mara nyingi mama mkwe hulipokea neno la mhudumu kwa wepesi kuliko la mkwe wake, na hilo si la kumlaumu.

Mfanyabiashara, Kariakoo amejibu:

Ninamheshimu muuguzi, lakini kwetu chupa ndiyo iliyofaa, kwa kuwa msichana aliyekuwa anabaki na mtoto hakuwa na subira ya kikombe na alikuwa anamwaga maziwa niliyokesha nikiyakamua. Kilichosaidia ni chuchu yenye tundu dogo inayotoa maziwa polepole, kuichovya kwanza katika maji ya uvuguvugu ili isiwe baridi mdomoni, na kumkalisha mtoto wima huku akitazama mbele, mgongo wake ukiegemea kifua cha mlishaji, tofauti kabisa na mkao wa kunyonya. Chupa ilalazwe karibu iwe sambamba na sakafu, isisimamishwe, na kila baada ya mikupuo michache ishushwe kidogo ili apumue. Chuchu iguse tu mdomo wa juu na kusubiri aupanue mwenyewe. Kuchemsha chupa na chuchu kila siku ni kazi, sikatai, na asiyekuwa na mtu wa kuaminika wa kuifanya ni afadhali ashike kikombe.

Baba wa Wawili amejibu:

Dada, mbona baba wa mtoto hakutajwa? Kama anarudi nyumbani kabla ya mtoto kulala, mlo mmoja wa jioni unaweza kuwa wake wakati wewe uko nje, na mtoto atazoea kulishwa na mikono zaidi ya miwili.

Jambo jingine ni la kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile ile iliyokupa siku 84, inamtaka pia mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Kwa umbali wa Kimara na Posta hutaweza kwenda na kurudi katikati ya siku, lakini hakuna ubaya wa kumwomba mwajiri, kwa barua, muda huo uutumie kuchelewa kuingia asubuhi au kuwahi kutoka jioni, na upewe chumba chenye faragha cha kukamulia. Ofisini kwetu mama mmoja alikubaliwa atoke mapema, na foleni ya jioni ikawa inamkuta amekwisha kufika kwake. Barua hiyo iandike kabla hujarudi kazini, kwa sababu baada ya kurudi kila mtu atakuwa amezoea kukuona mpaka jioni.

Mama wa Kimara ameandika:

Ninawashukuru nyote. Bibi ameipokea kazi ya finjani kwa furaha kuliko nilivyotarajia, hata ameitenga moja iliyokuwa kabatini kwa ajili ya wageni, na hataki mtu mwingine aiguse. Mtoto anakunywa kidogo, kitambaa nacho kinakunywa sana. Baba yake ameahidi mlo wa jioni, na barua ya ofisini ninaiandika. Lakini limezuka jipya: maziwa niliyoyakamua sasa hivi anayakubali, ila yaliyolala kwenye friji anayaonja na kuyatema. Nimeyanusa, yana harufu kama ya sabuni. Je, yameharibika?

Muuguzi Mstaafu, Temeke amejibu:

Hayajaharibika, mwanangu. Katika maziwa ya mama kuna kimeng'enya kiitwacho lipesi ambacho huvunja mafuta ili mtoto ayasage kwa urahisi, na kwa baadhi ya akina mama kazi hiyo huendelea hata chombo kikiwa kwenye friji, ndipo harufu ya sabuni au ya chuma hujitokeza. Hayana madhara, na wapo watoto wasiojali. Kwa anayejali, kwanza jaribuni kuchanganya kidogo ya friji na mengi mapya. Ikishindikana, kamua na papo hapo uyapashe kwenye sufuria ndogo mpaka vipovu vidogo vianze kutokea pembeni, uyaepue kabla hayajachemka, uyapoze haraka kwa kuiweka sufuria katika maji ya barafu, ndipo uyahifadhi. Upashaji huo hupunguza kiasi fulani cha kinga iliyomo, kwa hiyo usiufanye kama hakuna haja, na hauwezi kuondoa harufu ambayo imekwisha kuingia. Mafuta yanayoelea juu ni ya kawaida, yatikise taratibu yatachanganyika. Yaliyoharibika kweli huwa na uchachu kama wa mtindi, na hayo yamwage.

Utakapoanza kazi usishangae akinyonya usiku kuliko mchana. Watoto wengi hufidia hivyo mama anaporudi. Bibi ahesabu nepi: zikiwa na mkojo mara 6 au zaidi kwa siku na uzito ukipanda kwenye kadi ya kliniki, anapata cha kutosha. Zikipungua, au akawa mlegevu na kukataa hata titi, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.