Wanachama wanataka tuvunje kikoba kabla ya Desemba, na mwekahazina ni wifi yangu

BintiKatonga: Habari zenu wakuu. Nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Tuna kikoba cha akina mama 28, tunanunua hisa kila Jumamosi na mgao ni Desemba. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Juzi kati mtu kaeneza kwamba mwekahazina anajenga Mwanga kwa hela zetu. Kujenga ni kweli, ila anayejenga ni mumewe. Sasa kila mtu anadai hisa zake, wanne walikuja kikaoni na mifuko kabisa. Sandukuni hakuna cha maana, hela ziko kwa wakopaji, na saa hizi ni mbalamwezi, dagaa hakuna. Mbona mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue, Mei 15 hadi Agosti 15, tulisubiriana na mikopo yote ikarudi? Mimi ni katibu. Nikimtetea naambiwa tunakula wote, nikidai hesabu nyumbani hapatakalika. Naombeni ushauri.

KichwaNgumu: Toa chako mapema. Wifi ni wifi, hela ni hela.

MzeeWaStesheni: Atoe wapi na sanduku ni tupu? Hata benki haikai na hela za wateja wote kwa mkupuo. Ila benki ikifa, Bodi ya Bima ya Amana inamfidia mwenye akaunti hadi shilingi milioni 7.5. Kikoba hakina wa kukifidia, kinasimama kwa kuaminiana, ndiyo maana neno moja la mwaloni linatosha kukiua. Wa kwanza watachukua, wa mwisho wataambulia daftari. Nikuulize: marejesho yanalipwa mbele ya kikao au kwenye simu ya mwekahazina?

BintiKatonga: Kwenye simu yake, mkuu. Tulianza ziwa lilipofungwa, wengi walikuwa wamerudi vijijini.

MzeeWaStesheni: Basi uvumi umepitia hapo. Sisemi kaiba. Lakini hela ya kikundi ikilala laini moja na hela ya mboga, hata malaika atasemwa. Chapeni miamala yote ya laini hiyo, asome mtu asiye kiongozi, kwa sauti. Kila mkopaji asimame ataje deni lake na siku atakayolipa. Wivu wa nyumba ya Mwanga hauna dawa, hofu ya hisa inayo.

MamaUjiji: Mwanangu, usilianzishe kikaoni. Nenda kwa wifi yako jioni, peke yako, umwambie aombe mwenyewe kukaguliwa. Akiomba yeye ni heshima, ukiomba wewe ni ugomvi wa ukoo. Na mumeo usimtume, mtaishia kuzungumzia mahari 😂. Mmesajiliwa? Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama chenu vinasajiliwa halmashauri. Mwiteni afisa maendeleo wa kata akae kama shahidi.

KichwaNgumu: Na akikataa kukaguliwa?

MamaUjiji: Hapo urudi tuongee upya.

BintiKatonga: Usajili tunao. Nimeenda jana. Kanuna, kaniuliza "hata wewe?", nikanyamaza. Baadaye kaleta simu mwenyewe, kasema kesho twende tukachape. Ila anataka wanaopiga kelele ndio waanze kutaja madeni, maana wawili kati yao wamechelewesha marejesho.

MzeeWaStesheni: Hapana, hiyo italeta vita. Fuateni daftari, namba 1 hadi 28, naye akiwemo.

BintiKatonga: Yeye ni namba 3. Nitamwambia.