Alhamisi tunapelekwa Buchenwald, nijiandae vipi?

Muulizaji: Wadau, nipo Ujerumani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Alhamisi darasa zima tunakwenda Buchenwald, ile kambi ya mateso ya Wanazi karibu na Weimar. Naogopa nitalia mbele za watu. Mliowahi kufika, kukoje?

Jibu: Vaa koti zito, ni mlimani na upepo unakata. Langoni kuna maneno ya chuma, "Jedem das Seine", yaani kila mtu apate anachostahili. Yanasomeka ukiwa ndani, ili mfungwa ayaone. Saa ya mnarani imesimamishwa saa tisa na robo, alasiri ya ukombozi, 11 Aprili 1945. Mabanda mengi hayapo, kokoto tu. Mimi kilichonimaliza ni bamba la chuma uwanjani: hupashwa moto nyuzi 37, joto la mwili, hata theluji ikianguka. Niliweka kiganja kilichokufa ganzi, nikashindwa kukiondoa.

Muulizaji: Na picha?

Jibu la pili: Piga, ila si selfi kwenye tanuri za maiti. Mwenzetu alijaribu, mwalimu alimtazama tu, akaifuta mwenyewe. Kulia lia tu, walikufa watu wapatao 56,000 pale.

Muulizaji: Asanteni. Koti naazima leo.