Kamusi ya etimolojia ya Kilatini: de Vaan, Ernout na Meillet, au Walde na Hofmann?

Kipanga77: Habari za jioni wanajamvi. Nataka kununua moja kati ya hizo tatu, na ndugu yangu anarudi kutoka Ulaya wiki ijayo, kwa hiyo muda ni mdogo. Kilichonisukuma ni kielezi *bene*, yaani vizuri. Nimeona wataalamu wanakirudisha hadi *\*dwenēd* ya Italiki Asilia, mama wa Kilatini na ndugu zake (nyota ni alama ya umbo lililokisiwa). Hiyo *d* ya mwisho ilitoka wapi, na *b* iliingiaje? Nishaurini.

BintiSarufi: Mkuu, hujasema unasoma lugha gani. De Vaan ni Kiingereza, Ernout na Meillet ni Kifaransa, Walde na Hofmann ni Kijerumani. Na ni ya tasnifu au ya kujifurahisha? Mfuko wako je?

Mseminari: De Vaan, tufunge mjadala. Ni ya 2008, na umbo la Italiki Asilia anakuwekea mahali pake kabla ya kushuka hadi Indo-Ulaya, mama wa Italiki Asilia yenyewe. Ndicho unachotafuta.

MzeeKobe: Mjadala haufungwi hivyo, kijana. De Vaan kajikita kwenye maneno ya urithi. Tafuta neno Kilatini kilichokopa kwa Wagiriki uone kama hutatoka mikono mitupu. Mimi ni Ernout na Meillet, toleo la nne. Wanakueleza neno liliishije ndani ya Kilatini chenyewe, na pasipo na asili inayojulikana Meillet anasema haijulikani, basi. Hawa wa sasa kila neno lazima walipatie babu.

BintiSarufi: Hiyo *d* wala haihitaji kamusi. Lile tamko la Seneti ya Roma la mwaka 186 KK kuhusu Bacchanalia, sherehe za mungu Bacchus, lina *facilumed*, ambayo baadaye ni *facillime*, kwa urahisi kabisa. Nenda kwa lugha nyingine za Italia ya kale: Kifaliska kina *rected*, sawasawa, Kioski kina *amprufid*, yaani *improbe* ya Kilatini, vibaya. Lugha ndugu tatu zina *d* ileile, kwa hiyo tunaipeleka kwa mama yao. Ugomvi uko nyuma zaidi ya hapo: wengine wanasema ni ablativu (umbo la nomino la "kutoka kwa") tangu mwanzo, wengine wanasema ni uhusika wa kifaa (umbo la "kwa kutumia") uliokuja kubandikwa *d* ya ablativu. Mimi niko na hawa wa pili.

Nahodha_Kale: Kabla hujaagiza Walde na Hofmann nisikilize. Muuzaji mmoja wa vitabu vikuukuu mtandaoni aliandika "seti kamili". Nikalipa, nikalipa na usafiri, nikasubiri hadi nikakata tamaa. Mzigo ukafika: juzuu ya kwanza peke yake, A hadi L! *Bene* nimeipata, *nunc* (sasa) na *semper* (siku zote) sina. Nikamwandikia, akajibu eti seti kamili ni ya juzuu hiyo. Kurudisha kungenigharimu kuliko kitabu. Na hata hiyo niliyonayo, Kijerumani chake kimejaa vifupisho, unasoma mstari mmoja huku kidole kiko kwenye jedwali la mbele. Tena ni kazi ya kabla ya vita. Zile sauti za koromeo ambazo wataalamu wanakisia Indo-Ulaya ilikuwa nazo, na leo kila mtu anazitumia kueleza irabu, humo hazina nafasi.

Kipanga77: Pole sana mkuu. Lakini kama *bene* na kivumishi *bonus*, -ema, ni ndugu, mbona mmoja ana *e* na mwingine *o*?

BintiSarufi: *Dwe* iligeuka *dwo* pale silabi iliyofuata ilipokuwa na *o*. *Duenos* ikawa *duonos*, kisha *bonus*. Kwenye maandishi ya kaburi la Scipio, Mroma wa kale, bado utakuta *duonoro*, "ya watu wema". Kielezi kilifuatwa na *ē*, kikanusurika. *Dw* kuwa *b* ni kawaida: *duellum* na *bellum*, vita, na tamko lilelile la Seneti linaandika *Duelonai* kwa Bellona, mungu wa kike wa vita. Irabu ya mwisho ilikuja kufupishwa kwa sababu ya kwanza ni fupi, kama *male*, vibaya.

Mseminari: Hata *vizuri* yetu ni kivumishi kilichovaa *vi-* ya ngeli kikawa kielezi.

MzeeKobe: Usituhamishe. *Duenos* yenyewe ipo Berlin, kwenye maandishi ya vile vyungu vitatu vilivyoungana alivyovipata mtaalamu Dressel huko Roma mwaka 1880. "Duenos med feced": Duenos alinitengeneza. Jina la mfinyanzi hilo.

Nahodha_Kale: Au "mtu mwema alinitengeneza". Mbele kwenye maandishi hayo kuna *duenoi* na *malos*, mwema na mwovu wanapambanishwa.

MzeeKobe: Mfinyanzi anaweza kuitwa Mwema na bado akacheza na jina lake.

Kipanga77: Samahani, nilisahau: nasoma Kiingereza, Kifaransa cha kubahatisha. Na nahitaji pia maneno ya Kanisa yaliyotoka Kigiriki.

MzeeKobe: Si nilisema!

Mseminari: Kifaransa cha kubahatisha atafanya nacho nini, mzee? Achukue de Vaan, na hayo ya Kigiriki atafute kamusi ya Kigiriki.

BintiSarufi: Kwa swali la viambishi, mimi ningenunua sarufi ya kihistoria ya Kilatini ya Weiss, toleo la 2020, kamusi baadaye.

Nahodha_Kale: Sasa zimekuwa nne. Mzee, turudi kwa Duenos: *manom* humo unaisomaje?